Yupo, Ametoka Kidogo

Ipo nchi moja, ukitoka huku kwetu unaiacha mkono wa kulia, ambayo haijawahi kuwa na mtumishi mtoro. Hata mmoja. Redio yao huitangaza habari hiyo kila asubuhi baada ya nyimbo za dini, na wananchi huiitikia kwa amina huku wakijiandaa kwenda kusubiri.

Mambo yote hayo ni kazi ya koti. Katika nchi hiyo mkubwa wa ofisi hahesabiwi kwa miguu yake, anahesabiwa kwa koti lake. Likishatundikwa nyuma ya kiti, mkubwa amefika. Yeye mwenyewe akienda alikokwenda, koti linabaki linachapa kazi. Ndiyo maana mafundi cherehani wa mji ule wanajenga maghorofa, na mkubwa mwenye vyeo vinne ana makoti manne katika ofisi nne, na mwenyewe haonekani kokote, jambo linaloonyesha jinsi alivyobanwa na majukumu.

Tena ni nchi yenye amani sana. Kila mwenye malalamiko ameketi kwenye benchi.

Kwenye benchi la Ofisi ya Ustawi wa Wilaya ndipo alipofikia Subilaga, mjane wa kijiji cha Itundala, mtu wa sala na wa maneno machache, mwenye elimu ya darasa la saba na kitenge cha majogoo alichonunuliwa na marehemu mumewe. Hakuja kutafuta kazi. Alitumwa ufunguo.

Habari ya ufunguo ilikuwa hivi. Watu wa Itundala walijenga zahanati. Wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni, wanaume wakafyatua matofali, ikapauliwa kwa bati jekundu mpaka ndege wakawa wanaizunguka kwa mshangao. Siku ya ufunguzi akaja Mkurugenzi wa Ustawi na mpiga picha. Akakata utepe, akapigwa picha na daktari mpya aliyeletwa katika gari hilo hilo, akala kuku, kisha akaufunga mlango, akatia ufunguo katika mfuko wa koti lake na kusema, "Nitawaletea kibali cha kuanza kutibu." Akaondoka na daktari wake. Tangu siku hiyo wagonjwa wa Itundala wakawa wanaugulia kwenye kibaraza cha zahanati, maana kilikuwa na kivuli kizuri, na jambo hilo liliandikwa kwenye taarifa kuwa ni maendeleo.

Sasa Tumpe, mdogo wake Subilaga, alikuwa na mimba nzito. Ya kwanza ilimtoka na damu nyingi, akapona kwa rehema za Mungu tu. "Dada," alisema, "wewe unajua kuongea na watu taratibu. Nenda kaniombee ufunguo."

Subilaga akajifunga kitenge chake akaenda.

Alipofika, benchi la wenye shida lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Lakini upande wa pili palikuwa na benchi jingine, limekaliwa na vijana wenye tai na bahasha. Akasogezewa nafasi, akaketi. Hakujua kuwa hilo ni benchi la usaili. Ofisi ilikuwa imetangaza nafasi ya karani wa daraja la chini kabisa, na kwa kuwa hakuna aliyejua karani hufanya nini, tangazo lilinakiliwa kutoka lile la Mkurugenzi. Kwa hiyo mwombaji alitakiwa awe amewahi kuongoza ujumbe ng'ambo, awe na uwezo wa kulala kwenye vikao bila kukoroma, na awe na koti.

Jopo la usaili lilikuwa na wajumbe watatu: makoti mawili na Bwana Nyembo. Bwana Nyembo alikuwa Afisa Utumishi, mnene, mpole, na ndiye mkubwa pekee wa ofisi ile aliyekuwa na mwili ndani ya nguo zake. Alikuwa akijibiwa na makoti kwa namna aliyoielewa mwenyewe.

"Swali ni moja," aliwaambia vijana kila mmoja alipoingia. "Umefika kazini. Mkubwa wako hayuko kitini. Utafanya nini?"

Wa kwanza akasema atampigia simu. Bwana Nyembo akaangalia koti la kushoto, akatikisa kichwa. Wa pili akasema atafanya kazi zilizopo kwa mujibu wa sheria. Huyo alisindikizwa na askari mpaka nje ya geti. Wa tatu, aliyesoma zaidi ya wote, akasema atachunguza chanzo cha tatizo, na mama mmoja wa usafi aliyekuwa akideki alimwonea huruma hadi akaacha kudeki.

Akaitwa Subilaga.

"Mama, umefika. Mkubwa hayuko kitini. Utafanya nini?"

"Nitakaa nisubiri, baba," alisema Subilaga. "Ndicho ninachofanya tangu nimefika."

Bwana Nyembo akasimama. Macho yake yalikuwa na machozi. Akageukia koti la kushoto, akageukia la kulia. "Waheshimiwa, mmesikia wenyewe! Shahada gani itampa mtu jibu kama hilo?" Kisha akampa Subilaga mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, karibu Serikalini."

"Lakini mimi nilifuata ufunguo..."

"Wote tulifuata kitu, mama. Ndivyo tulivyoanza."

Subilaga akawaza kuwa huenda Mungu ndiye aliyefungua njia. Nani aliye karibu na mfuko wa Mkurugenzi kuliko karani wake? Akakubali.

*

Kesho yake Bwana Nyembo akampeleka chumba cha Mkurugenzi, akafungua mlango kwa heshima, akainama kidogo. Kiti kikubwa cha ngozi, meza kubwa isiyo na kitu, na nyuma ya kiti koti la kijivu lenye mistari, mabega yamejaa vizuri.

"Salimia," alinong'ona.

"Shikamoo," Subilaga akaliambia koti.

"Vizuri. Kazi yako ndiyo hii. Asubuhi unalipiga brashi. Mchana unaligeuza kidogo dirishani lipate hewa. Chai ikija unamwekea, ikipoa naichukua mimi, nainywa kwa niaba. Mtu akiuliza Mkurugenzi yuko wapi, unasema: Yupo, ametoka kidogo. Lile neno jingine halisemwi humu ndani. Kuna waraka."

"Neno lipi?"

Bwana Nyembo akaangalia mlango, akaangalia dari. "Lile la kwamba mtu... kwamba mtu hayu... Mama, usinitie matatani. Nina watoto."

Subilaga akashika brashi. Aliposhuka nayo upande wa kulia, kitu kikagonga mti wa kiti: ko. Akapita tena: ko. Ufunguo wa Itundala ulikuwa mle, shubiri moja kutoka mkononi mwake, na kitambaa chepesi tu katikati.

"Ndugu Afisa, naomba kuuliza. Mfuko huu..."

"Toa mkono!" Bwana Nyembo alikuwa hajawahi kupaza sauti, hata mwenyewe alishtuka. "Mama! Mfuko wa mkubwa ni mpaka wa nchi. Karani aliyekutangulia aliona mende anaingia, akamfuata kwa vidole viwili. Vidole viwili tu! Akashtakiwa kwa uhaini mdogo. Sasa yuko ofisi moja huko porini haina hata kiti, anasimama tu."

Kwa hiyo Subilaga akawa anapiga brashi, na kila asubuhi ufunguo unamgongea kama mtu aliyefungiwa. Alikuwa na mazoea ya kusali akifanya kazi za mikono, na hapo pia akajikuta akisali, ila midomo ikawa haichezi, akiogopa mtu asije akadhani analiomba koti. Maana wapo waliokuwa wakiliomba. Mzee mmoja kila Ijumaa alikuwa akiomba aruhusiwe kupita mlangoni, analipungia mkono, anarudi benchini kwake amefarijika.

*

Ikatangazwa kuwa Mkaguzi Mkuu anatoka mji mkuu kuja kuhakiki mahudhurio. Ofisi ikapakwa chokaa. Watu wa benchi la wenye shida waliamriwa wavae vizuri na wasubiri kwa uchangamfu. Subilaga naye akajiambia, huyu ndiye. Huyu ni mkubwa kuliko Mkurugenzi, nitamweleza.

Gari likafika, dereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa kofia nyeusi juu ya mto mdogo wa hariri.

"Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu!" Bwana Nyembo alitangaza, na kikundi cha akina mama kikaanza kupiga vigelegele.

Kofia ikawekwa mezani, mbele ya koti, mlango ukafungwa wapate kuzungumza. Subilaga ndiye aliyeingiza chai. Akavipanga vikombe viwili. Akaona hana nafasi nyingine. Akapiga magoti kwenye zulia, akaielekea kofia.

"Mheshimiwa," akasema, "samahani nakukatiza. Mimi ni mtu wa Itundala. Zahanati yetu imefungwa na ufunguo uko hapa mfukoni. Nina mdogo wangu, siku zake zimekaribia, na uzazi wake ni wa damu. Siombi kibali. Naomba tu mtu mmoja aseme, mama, chukua."

Kofia ilikuwa na utepe mzuri wa dhahabu. Feni ikaitikisa kidogo, na Subilaga, Mungu amsamehe, akatumaini.

Dereva akachungulia mlangoni. "Mama, yatosha. Mheshimiwa amekusikia."

"Amesema nini?"

"Amesema amekusikia."

Jioni redio ikaeleza kuwa mazungumzo yalikuwa ya kirafiki, na kwamba mahudhurio ya Wilaya yamefikia mia kwa mia na sasa inalengwa kuvuka hapo.

*

Mara ya kwanza Ambakisye, mume wa Tumpe, alikuja na pikipiki yake yenye kiti kilichoshonwa kwa gunia. Alimkuta Subilaga kwenye kimeza chake nje ya mlango wa Mkurugenzi, kitenge mabegani. Bwana Nyembo alikuwa amesimama pale pale akikoroga chai ya Mkurugenzi.

"Shemeji! Tulikutuma ufunguo, wewe umepata kazi? Kule tunasema umemezwa na chatu, kumbe umenenepa!"

"Shemeji, ongea taratibu."

"Niongee taratibu na mimba nayo iende taratibu? Huyo bwana wenu yuko wapi?"

Kijiko cha Bwana Nyembo kikasimama ndani ya kikombe.

Subilaga akamwangalia shemeji yake, akaliona vumbi la Itundala kwenye nyusi zake. Akajua akisema lile neno lililokatazwa, kesho atakuwa nje, na ufunguo utabaki ndani na mtu mwingine asiyejua hata Itundala iko wapi.

"Yupo," akasema. "Ametoka kidogo."

Ambakisye akacheka, kicheko kibaya. "Shemeji, hata wewe?" Akawasha pikipiki yake akaondoka bila kuaga.

Bwana Nyembo akampigapiga Subilaga begani. "Umesema vizuri sana, mama. Tena kwa sauti ya kazi. Nitakutaja kwenye taarifa."

Mara ya pili hakuja na maneno ya utani. Alisimama mlangoni, kofia ngumu mkononi, midomo mikavu. "Uchungu umemshika tangu alfajiri. Mama Kissa mkunga anasema hali siyo. Amelazwa kibarazani pale."

Bwana Nyembo alikuwa amekwenda kunywa chai kwa niaba ya idara nyingine. Subilaga akainuka. Akaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha. Hakusalimia. Akasimama mbele ya koti, akasema, "Bwana Yesu, kama ni wizi uniandikie mimi, usimwandikie mtoto," akatia mkono mfukoni mpaka kifundoni.

Hakuna kilichotokea. Koti halikupiga kelele, wala nchi haikuanguka. Ndani mlikuwa na ufunguo, mfupa wa kuku na pipi iliyoganda.

Akatoka. Mlangoni akakumbuka kuwa kiti chake kitaonekana kitupu, na kiti kitupu kitaitiwa askari kabla hawajafika hata darajani. Akavua kitenge cha majogoo, akakitandaza nyuma ya kiti chake, akakivuta mabegani kikae vizuri. Akapanda pikipiki.

*

Kufuli lilikuwa limeshika kutu lakini likakubali. Akina mama wakamwingiza Tumpe ndani kwa mkeka. Chumba kilikuwa kinanukia rangi mpya. Kitanda kilikuwa na nailoni yake, kabati la dawa lilikuwa na vibandiko vya majina ya dawa, na nyuma ya meza palikuwa na kiti. Nyuma ya kiti lilitundikwa koti jeupe la daktari, limepigwa pasi, na kipimo cha moyo kikining'inia shingoni.

Watu wote wakaliangalia.

"Basi jamani," alisema Mama Kissa, akikunja mikono ya gauni lake, "maji ya moto na kanga safi. Na huyo mtoeni hapo, ananizibia mwanga."

Mtoto alizaliwa, wa kike, akalia kwa nguvu. Lakini damu haikutaka kusimama. Mama Kissa alifanya alichokijua mpaka kikaisha, akaanza kukifanya upya. Ambakisye alitumwa akatafute gari la mtu yeyote. Subilaga alikaa sakafuni, kichwa cha mdogo wake kimelala mapajani pake.

"Dada," Tumpe akasema, kwa sauti kama ya mtu anayesinzia, "umekuja na ufunguo."

"Nimekuja nao."

"Nimeliona koti. Daktari yupo?"

Subilaga akafungua kinywa. Alitaka kusema kweli, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kumdanganya mtoto huyu aliyemlea mgongoni. Lakini kinywa kilikuwa kimeshazoeshwa kazi.

"Yupo," akasema, akimpangusa jasho. "Ametoka kidogo."

"Aha," alisema Tumpe, na uso wake ukalegea kwa raha. "Basi namsubiri."

Gari lilipopatikana hapakuwa na haja nalo tena.

*

Walipomaliza kulia na kuzika, wazee wa Itundala wakakaa. Mlango sasa uko wazi, wakasema, bado mtu. Subilaga, wewe ni wa Serikali, rudi kawaambie watupe daktari mwenye mikono. Naye akaona sawa. Tena ufunguo haukuwa wake, alitaka kuurudisha mahali pake na kusema mwenyewe alichofanya, afungwe kama ni kufungwa. Ambakisye hakuweza kumwangalia mtoto bado. Kwa hiyo Subilaga alimbeba mgongoni kwa shuka ya kuazima, akisema moyoni kuwa akifika atachukua kitenge chake, ni laini, kimfae mtoto.

Alikuta ofisi imepakwa chokaa upya. Nje ya mlango wa Mkurugenzi kimeza chake kilikuwa kimeondolewa, pamewekwa kikubwa, chenye kitambaa cha kijani. Kitenge cha majogoo kilikuwa palepale nyuma ya kiti, kimepigwa brashi mpaka majogoo yanang'aa. Kando yake, kwenye kigoda, aliketi msichana mwembamba wa nywele za rasta mwenye brashi mkononi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi. Mimi ndiye karani."

Msichana akatabasamu kwa adabu. "Karani yupo, mama. Ametoka kidogo."

"Mwanangu, karani ndiye mimi. Hicho kitenge ni changu."

"Mama, usiseme hivyo, watakusikia." Akashusha sauti. "Huyu ni Karani Mwandamizi. Amepandishwa juzi. Wanasema hajawahi kutoka kitini tangu aajiriwe, hata chakula cha mchana haendi. Mimi nimeajiriwa kumtunza."

Bwana Nyembo akapita na kikombe. Subilaga akamwita. Alisimama, akamwangalia, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtu anayemjua mtu. Kisha akakiangalia kitenge, akaona chai iliyowekwa mezani mbele ya kitenge imeshapoa, akaichukua.

"Ndugu Afisa, mimi niliiba ufunguo. Huu hapa. Nimeuleta."

"Ufunguo gani, mama?" Bwana Nyembo alisema taratibu, machozi yakimlengalenga. "Kama ungeibwa, Mkurugenzi angesema. Na kama karani angeondoka, tungeona kiti kitupu. Nina watoto, mama." Akaendelea na safari yake.

Mtoto akaanza kulia. Subilaga akanyoosha mkono akishike kitenge ncha tu, amfunike, na msichana akaruka akakikinga kwa mwili wake wote. "Mama, nakuomba! Hiyo ni mali ya Serikali. Nimekaa nyumbani mwaka mzima natafuta kazi, usinifukuzishe. Kaa pale benchini. Akirudi nitakuita wa kwanza."

Alikuwa anatetemeka kweli, mtoto wa watu. Subilaga akauteremsha mkono.

Akaenda benchini. Wakajisogeza, wakampa nafasi, mama mmoja akampokea mtoto akampa ziwa bila kuulizwa. Yule mzee wa Ijumaa alikuwa karibu yake, amevaa vizuri, anasubiri kwa uchangamfu.

"Unamsubiri nani, mama?"

"Karani."

"Karani mwenyewe yukoje?" mzee akauliza, akikichungulia kile kitenge kwa mbali. "Mkali?"

Subilaga akayaangalia majogoo yake. Feni ilikuwa inayatikisa kidogo.

"Siyo mkali," akasema. "Ni mtu wa watu tu. Ila hana uwezo."